Kasino ndogo za mtandaoni: jinsi ya kujua kama watakulipa kabla hujaweka hela ya maana

Wadau, swali linalorudi kila siku ni "hii saiti ni ya kweli au matapeli?" na majibu ni yale yale, mmoja anasema mimi walinilipa fasta, mwingine anasema wezi wakubwa hao, ukimaliza kusoma hujui chochote. Mi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Kasino ndogo nyingi sio feki moja kwa moja, ila pia sio za kuwekea imani, ziko pale katikati: ukishinda elfu hamsini unalipwa ndani ya dakika kumi na unawasifia kwa washkaji, ukishinda milioni nane ndo wanaanza kukuuliza bili ya umeme, selfie ukiwa umeshika kitambulisho, na maelezo ya mwezi juzi uliingia kwa simu ya nani. Swali la kuuliza ni hili: siku nikishinda hela kubwa, nani anaweza kuwalazimisha wanilipe? Hatua zote hapa chini zinazunguka hapo.

Na tuelewane mapema, kasino kuwa aminifu maana yake inalipa ulichoshinda, basi. Haimaanishi utashinda. Hesabu ya mchezo iko upande wao hata wakiwa watakatifu, na nitaionyesha huko mbele.

Hatua ya 1: Shuka chini kabisa ya ukurasa

Achana na mabango ya bonasi na picha za magari, shuka hadi mwisho kwenye maandishi madogo ya kijivu. Pale unatafuta vitu vitatu: jina la kampuni inayoendesha (sio jina la saiti, jina la kampuni), namba ya leseni, na nani ameitoa. Kama hakuna jina la kampuni funga hapo hapo, huna haja ya kusoma zaidi. Kama lipo likopi neno kwa neno na ulitafute, mara nyingi utakuta kampuni hiyo hiyo inaendesha saiti nyingine kibao zenye rangi tofauti ila vigezo vile vile na sapoti ile ile. Hilo peke yake sio kosa, biashara hii inaendeshwa hivyo, ila linakusaidia sana kwa sababu malalamiko ya wale ndugu zake ni malalamiko yako pia. Saiti mpya haina historia, kampuni inayo.

Ukiwa Tanzania, cha kwanza kuangalia ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 2003. Wana orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yao, na hapa watu wengi wanapitiwa: leseni ziko za aina tofauti, kubeti michezo ni moja na kasino ya mtandaoni ni nyingine, kwa hiyo usiishie kuona jina la kampuni ukafurahi, angalia limekaa chini ya aina gani. Kenya mambo yamebadilika, ile bodi ya zamani ya BCLB iliyoanza na sheria ya 1966 imepisha mamlaka mpya baada ya sheria ya kamari ya 2025 kusainiwa Agosti mwaka huo, kwa hiyo saiti inayojitapa kwa barua ya BCLB ya miaka ya nyuma ihakiki upya. Uganda mdhibiti ni NLGRB, na huko umri wa kisheria ni miaka 25, sio 18, sasa fikiria kijana wa miaka 22 ameshinda, kasino inayotafuta sababu ya kutolipa imeshaipata kwenye kitambulisho chake.

Faida ya leseni ya nyumbani sio kwamba hawa ni malaika. Ni kwamba kuna ofisi unaweza kwenda kwa miguu ukiwa na karatasi zako, na wanaogopa kunyang'anywa leseni. Ila pia kumbuka Kenya 2019, serikali iliagiza namba za malipo za kampuni 27 za kubeti zifungwe, na zilikuwemo kubwa zenye udhamini wa mpira. Ndo maana kuacha salio kubwa ndani ya akaunti ya kasino yoyote, kubwa au ndogo, ni wazo baya. Pale sio benki.

Hatua ya 2: Leseni za nje, hapa ndo pana mchanganyiko

Kasino ndogo nyingi utakazokutana nazo zina leseni ya Curaçao au Anjouan. Chache zina Malta. Uingereza karibu hakuna, na aliye nayo kwa kawaida hapokei wachezaji wa huku kabisa.

Curaçao zamani ilikuwa hivi: kampuni nne zilishika leseni mama, halafu zenyewe zinawagawia wengine leseni ndogo chini yake, serikali ikawa iko mbali na mchezaji. Ndo zile namba za 8048/JAZ, 1668/JAZ, 365/JAZ na 5536/JAZ. Tarehe 24 Desemba 2024 sheria mpya ikaanza kutumika na mfumo wa leseni mama ukafika mwisho, sasa kila kasino inaomba yenyewe kwa mamlaka na namba mpya zinaanza na OGL. Kwa hiyo ukikuta saiti leo bado imebandika 8048/JAZ kwa mbwembwe, jua umeonyeshwa karatasi iliyokwisha kazi. Inaweza kuwa uzembe, inaweza kuwa utapeli, kwa hela yangu mimi haina tofauti.

Anjouan ni kisiwa kile kile cha Anzuani, Komoro, majirani zetu kabisa. Leseni zake ni rahisi kupata na bei iko chini, ndo maana zimejaa kwenye saiti mpya tangu Curaçao ianze kubana. Tatizo ni kwamba Benki Kuu ya Komoro ilishasema hadharani haizitambui leseni za benki za nje zinazotolewa kwa jina la visiwa hivyo, sasa na hii ya kamari jiulize, siku umedhulumiwa utapanda boti uende Mutsamudu ukagonge mlango gani? Sisemi kila mwenye leseni ya Anjouan ni mwizi, wapo wanaolipa vizuri. Nasema anayelipa analipa kwa hiari yake.

Malta (MGA) namba zake zinaonekana kama MGA/B2C/ halafu tarakimu na mwaka, na wana ukurasa wa kuhakiki. Hapo nikupe kanuni moja inayofanya kazi kwa wote: ile alama ya leseni chini ya ukurasa ibonyeze, halafu angalia juu kwenye anwani imekupeleka wapi. Ikifungua picha tu, au ukurasa ndani ya saiti ile ile ya kasino, ni pambo. Ikikupeleka kwenye tovuti ya mdhibiti, soma kama jina la saiti uliyopo limeandikwa pale herufi kwa herufi. Halafu hata hiyo linki usiiamini sana, tafuta tovuti ya mdhibiti mwenyewe kwa mkono na uingize jina, maana kutengeneza ukurasa unaofanana na wa mdhibiti ni kazi ya jioni moja.

Hatua ya 3: Umri wa saiti

Hii ni fupi. Nenda lookup.icann.org, weka anwani ya saiti, angalia imesajiliwa lini. Saiti inayosema "tunaaminika tangu 2015" halafu jina limesajiliwa miezi mitatu iliyopita imeshajibu swali lako. Kisha ipitishe web.archive.org uone ilikuwa inaonekanaje huko nyuma, wakati mwingine unakuta ilikuwa duka la viatu.

Angalia pia herufi moja moja. Kampuni zinazojulikana zinaigwa kila siku, wanaongeza kistari au neno "tz" au "vip" mwishoni, rangi zile zile, nembo ile ile. Linki uliyotumiwa Telegram au WhatsApp usiibonyeze, andika anwani mwenyewe.

Hatua ya 4: Hela inaenda kwa nani

Kama ningeruhusiwa hatua moja tu ningechagua hii. Anza kama unataka kuweka hela, fuata hadi pale jina la mpokeaji linapotokea kabla hujaweka namba ya siri, halafu soma. Kasino halali yenye leseni ya hapa inapokea kwa namba ya kampuni au paybill yenye jina la kampuni, au jina la kampuni ya malipo inayoeleweka. Ukiona jina la mtu binafsi, eti "tuma kwa huyu wakala wetu halafu utume skrinshoti", ghairi. Na ukiona kila ukiingia namba inabadilika, leo jina hili kesho lile, hizo ni laini za kupitishia hela na zinafungwa muda wowote zikiwa na hela yako ndani.

USDT na wenzake (sarafu za kidijitali) ni habari nyingine, ukishatuma hairudi na hakuna wa kumpigia. Kuna kundi moja la saiti linaendelea kunasa watu sana, zinatangazwa na video za mtu maarufu (ambaye hana habari), unapewa msimbo wa promosheni, akaunti inajaa dola elfu mbili za bure, unacheza, unashinda, ukitaka kutoa unaambiwa weka kwanza dola mia moja ya kuhakiki pochi yako. Hakuna kutoa pale. Hakuna hata kasino, ni picha inayocheza.

Ndugu yake ni ile ya kodi. "Hongera umeshinda milioni 5, lipa kwanza kodi ya TRA laki 4 ndo tukufungulie." Sikilizeni, kodi ya ushindi inakatwa na kampuni kwenye hela unayolipwa halafu wao ndo wanaipeleka TRA au KRA, hakuna siku utatuma kodi mfukoni kwako kwenda kwa kasino ili ulipwe. Ukiombwa hela ili utoe hela, iite kodi, iite ada, iite kuhakiki, jibu ni hapana.

Hatua ya 5: Michezo yenyewe

Kasino ndogo haitengenezi michezo, inakodi kwa watengenezaji kama Pragmatic Play, NetEnt, Play'n GO, Spribe. Mchezo ukifunguka unatakiwa uje kutoka kwenye seva za mtengenezaji, sio kwenye seva za kasino. Hapo ndo panatokea sloti (michezo ya mashine ya kuzungusha picha) za kuigiza, sura ile ile, muziki ule ule, ila namba zinapikwa na mwenye saiti. Kwenye kompyuta bonyeza kulia kwenye mchezo, fungua zana za msanidi, sehemu ya mtandao, uone faili zinatoka anwani gani. Zote zikitoka kwenye saiti yenyewe au anwani isiyoeleweka, tia shaka. Njia ya mkato: nenda tovuti ya mtengenezaji, cheza demo ya mchezo huo huo, linganisha, ukikuta menyu ya msaada imekatwa au haipo kabisa kwenye ile ya kasino basi.

Sasa kuna jambo ambalo hata wazoefu hawalijui. Sloti hiyo hiyo, halali kabisa, inakuja na matoleo tofauti ya asilimia ya kurudisha kwa wachezaji (RTP), na kasino ndo inachagua. Book of Dead kwa mfano ipo ya 96.21% na inashuka hadi 84.18%. Mchezo ni ule ule machoni. Fungua alama ya msaada ndani ya mchezo, shuka hadi uone asilimia imeandikwa ngapi, usisome kwenye tangazo la kasino. Kasino iliyochagua toleo la chini haijavunja sheria, ila imekuonyesha inakufikiriaje.

Kindege je, ule mchezo ambao kizidishi cha dau lako kinapanda huku ndege inaruka na unatakiwa utoe kabla haijakatika? Aviator ya Spribe, ndo kindege chenyewe, ina RTP ya 97% na ina mfumo wa kuhakiki: kabla ya raundi seva inatoa alama iliyofungwa (msimbo wa siri usiobadilishika), inachanganywa na mbegu (namba za bahati nasibu) za wachezaji watatu wa kwanza kubeti raundi hiyo, na baadaye unaweza kufungua historia ya raundi ukahakiki matokeo hayakubadilishwa katikati. Kama kindege cha kasino yako hakina hiyo sehemu, hicho sio kindege cha Spribe. Na huo mfumo ndo unaozika zile apu za "predictor" zinazodai kutabiri kindege kitakatika wapi, kwa sababu matokeo yanategemea watu watatu ambao bado hawajabeti, sasa apu inaona nini? Anayekuuzia anauza hewa.

Ila usipime uaminifu kwa matokeo yako mwenyewe. Mtu anasema kimekatika kabla ya 2x (mara mbili ya dau) mara kumi mfululizo, wezi. Kwa RTP ya 97% nafasi ya kufika 2x ni kama 48.5%, kwa hiyo kukatika mara kumi mfululizo kunatokea takriban mara moja kwa kila raundi 760, na kindege kinaruka usiku na mchana, utaliona hilo kila siku kwenye mashine iliyo safi kabisa. Ushahidi unatoka kwenye hatua nyingine, sio kwenye maumivu.

Hatua ya 6: Vigezo na masharti, soma sehemu tano tu

Najua hakuna anayesoma kurasa arobaini. Tumia kitafutio cha kivinjari, nyingi ziko kwa Kiingereza kwa hiyo tafuta maneno ya Kiingereza ya kutoa hela, bonasi, kikomo, akaunti iliyolala, na nchi zisizoruhusiwa. Hiyo ya mwisho anza nayo. Kuna saiti zinakuruhusu kujisajili na kuweka hela ukiwa Dar, halafu kwenye masharti Tanzania imo kwenye nchi zilizokatazwa, ukishinda ndo wanakumbuka. Wakati unaliwa hakuna aliyekuuliza uko wapi.

Kikomo cha kutoa: kasino ndogo nyingi zinaweka kikomo kwa siku na kwa mwezi. Kama kikomo ni dola elfu mbili kwa mwezi na wewe umeshinda elfu ishirini, utalipwa miezi kumi, na miezi kumi kwa saiti ya mwaka mmoja ni muda mrefu mno.

Bonasi, twende na hesabu. Umepewa bonasi ya shilingi 10,000 yenye sharti la kuzungusha mara 40. Maana yake ubeti jumla ya 400,000 kabla ya kutoa. Kwenye sloti ya 96.21% wastani wa utakachopoteza katika huo mzunguko ni 15,160, zaidi ya bonasi yenyewe. Kwenye toleo la 87.25% ni 51,000. Juu ya hapo kuna sharti la kiwango cha juu cha kubeti ukiwa na bonasi, ukikipita mara moja tu, hata kwa bahati mbaya, wanafuta ushindi wote. Hiki ndo kisingizio kinachopendwa kuliko vyote, na kwa maandishi wako sahihi. Ushauri wangu kwenye kasino usiyoijua: kataa bonasi kabisa, waandikie sapoti waitoe kwenye akaunti kabla hujacheza, utunze jibu lao.

Hatua ya 7: Jaribu kutoa

Jisajili kwa jina lililo kwenye kitambulisho na laini iliyosajiliwa kwa jina hilo hilo. Laini ya mdogo wako, ya mama, ya shemeji, usitumie, ushindi wako utafutwa kwa kosa hilo. Halafu usisubiri ushinde ndo uhakikiwe, omba kuhakikiwa siku ya kwanza. Kwenye picha ya kitambulisho andika juu yake kwa mshazari jina la saiti na tarehe ili isitumike kwingine, taarifa zenu zina sheria inayozilinda, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, ila kasino ya Anjouan haijali sheria hiyo, kwa hiyo jilinde mwenyewe.

Weka hela ndogo, ile ambayo ikipotea hutakosa nauli. Cheza kidogo, kwa kuwa kutoa bila kucheza kabisa kunazuiwa karibu kila mahali ili kuzuia utakatishaji fedha, halafu toa. Piga skrinshoti kila hatua. Angalia: imechukua muda gani, imekuja kutoka kwa nani, na wakati inasubiri kuna kitufe cha kuirudisha ukacheze? Hicho kitufe kipo makusudi, kasino inayokaa na hela yako siku tatu huku inakutumia meseji za mizunguko ya bure inategemea uvunjike moyo uirudishe.

Kutoa kidogo kukifanikiwa umejua kitu kimoja tu, kwamba wanalipa kidogo. Panda taratibu, na usiwahi kuacha ndani zaidi ya kiasi ulichokwisha kuthibitisha kinatoka.

Hatua ya 8: Waombe wakufungie

Tafuta sehemu ya kujiwekea kikomo cha kuweka hela au kujifungia kwa muda. Ikitakiwa kuongea na sapoti, waambie nataka kikomo cha elfu kumi kwa wiki. Kasino inayofanya hivyo bila maneno imejengwa na watu wanaofuata utaratibu. Inayokujibu kwa kukupa bonasi, ondoka. Na kama unasoma hii huku unatafuta saiti mpya kwa sababu ile ya zamani umejifungia mwenyewe, au unataka kurudisha ada ya mtoto iliyoliwa jana, hatua zote nane hazikuhusu, hakuna kasino aminifu kwa hali hiyo.

Maoni ya watu

Saiti nyingi za kupanga "kasino kumi bora" zinalipwa kamisheni, mara nyingi asilimia ya hela utakayopoteza. Nyota zao zisome kama tangazo. Ila sehemu za malalamiko, kama za Casino Guru na AskGamblers, zina faida hata kama nao wanakula kamisheni, maana unaona kasino inajibu vipi. Usihesabu malalamiko, soma yaliyohusu ushindi mkubwa tu. Kasino ikijibu kwa kutaja kifungu na ushahidi ni tofauti na ile inayosema "mchezo usio wa kawaida" bila kueleza zaidi.

Kama hela imeshakwama

Acha kucheza, acha kuweka hela, na usibadilishe maelezo ya akaunti. Kusanya kila kitu: miamala, chati, skrinshoti ya salio, nakala ya masharti yalivyo leo kwa sababu kesho yanaweza kubadilishwa. Andika barua pepe moja, kwa utulivu, ukiuliza swali moja: ni kifungu gani kinachozuia malipo yangu, na mtalipa lini? Wape siku kumi na nne. Wasipojibu peleka kwa mdhibiti aliyetoa leseni pamoja na vielelezo, na kama ni kampuni ya Tanzania nenda Bodi. Kama ulitumia kadi ya benki ongea na benki mapema. Namba za matapeli waliokutumia meseji ziripoti kwa 15040 Tanzania, au 333 kama uko Safaricom.

Na ukilalamika hadharani tegemea meseji ndani ya saa chache, mtu anajiita mwanasheria au hacker, ameshawarudishia wengi, anataka ada kidogo ya kuanzia. Mara nyingi ni wale wale, au wamenunua orodha yenye namba yako. Mbloki bila kumjibu.